Darubini inahama baada ya bunduki kupigwa rangi ya serami: kosa ni la rangi au la skrubu?

Kijana_Raskazone

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Naomba msaada wa mafundi bunduki na wawindaji bingwa mliomo humu.

Mimi ni mwindaji bingwa mchanga, yaani kazi yangu ni kuongoza wageni wa uwindaji, naingia msimu huu pori la akiba la Rungwa nikiwa chini ya mkubwa wangu wa kazi. Bunduki ni yangu, kibali kipo: CZ 550, ya risasi ya .375 H&H. Juu ina darubini ya Leupold 1.5-5x20, imeshikwa na pete mbili za chuma zinazobana moja kwa moja kwenye reli ya mwili wa bunduki, ile ya milimita 19.

Msimu ukiisha nakaa nyumbani Tanga, Raskazone, karibu kabisa na bahari. Mnaojua hali ya hewa ya pale mnajua: kufuli linashika kutu, bawaba zinashika kutu, na bunduki haikuachwa. Ilianza kwenye mkono wa bolti, ikaja chini ya mtutu pale unapolala kwenye mti wa kitako, madoa madogo ya rangi ya chai. Nasugua kwa sitilwaya laini na mafuta, yanaondoka, mvua za vuli zikija yanarudi palepale.

Nikashauriwa niipeleke ikapigwe rangi ya serami, ile inaitwa Cerakote. Nikampelekea fundi mmoja Dar, simtaji jina. Kwa macho kazi ni nzuri sana, nyeusi iliyofifia, haing'ai juani. Alinirudishia ikiwa darubini imeshafungwa.

Shida imeanzia uwanjani. Kwa mita 100, risasi za mwanzo zilikaa pamoja, zote zinafunikwa na kiganja. Nikaendelea kupiga, zikaanza kutambaa kwenda chini kushoto, mpaka zimetoka kwenye alama kwa upana wa viganja viwili. Nazungusha vifundo vya darubini nairudisha, inatulia kidogo, inahama tena. Risasi ni zilezile za greni 300, mpigaji ni yuleyule, na kabla ya rangi bunduki hii ilikuwa haina maneno.

Wengine wananiambia darubini imekufa ndani. Wengine wanasema pete ni mbovu, nunua nyingine. Mimi swali langu ni kama rangi yenyewe inaweza kuleta haya. Na ikishajulikana ni nini, nifungeje darubini isihame tena? Siulizi kwa ajili ya shabaha ya karatasi. Mgeni akijeruhi mbogo, mbogo akaingia kichakani, anayemfuata ni mimi na msoma nyayo wangu, ambaye ana watoto. Sitaki kuingia mle na kioo nisichokiamini.

chuma_77

Mkuu, hiyo ndogo. Nunua Loctite nyekundu, ile gundi ya skrubu, mimina skrubu zote, kaza mpaka mkono ukuume. Haitahama maisha yako yote. Kutu piga WD-40 kila jioni, kwisha habari.

Fundi_Mindu

Marahaba, mwanangu. Nashika bunduki za watu hapa Morogoro tangu nikiwa kijana, na leseni ya kazi hiyo ninayo. Swali lako limenigusa kwa sababu bunduki za namna hii zinanijia kila mwaka: zimepakwa rangi vizuri, zinapiga ovyo, na mwenyewe ameshatumia hela nyingi kununua darubini mpya ambayo nayo imehama.

Kwanza, usifanye alivyosema ndugu yetu hapo juu. Loctite nyekundu haiachii mpaka uipashe moto wa nyuzi joto 260 hivi. Skrubu za pete za darubini ni ndogo, kichwa chake kitaliwa kabla haijafunguka, na moto huo huwezi kuuleta karibu na kioo. Siku lenzi imeingia ukungu porini utabaki unaiangalia. Na WD-40 ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji kwenye chuma, na kwa kazi hiyo ni nzuri: umenyeshewa, pulizia, futa. Lakini inachobakisha juu ya chuma ni utando mwembamba usiodumu kwenye hewa ya chumvi. Baada yake lazima uweke mafuta yenyewe.

Sasa swali lako. Ndiyo, rangi inaweza, na kwa maelezo yako mimi naweka mkono motoni kwamba ndiyo iliyoleta.

Nianze na rangi ilivyo. Weusi wa zamani wa bunduki, ule wa bluu-nyeusi, si rangi. Ni chuma chenyewe kimegeuzwa juu: kinachemshwa kwenye dawa kali ya magadi na chumvi za naitreti kwa nyuzi 140 hivi, kinaota ngozi nyeusi ya oksaidi. Ngozi hiyo haiongezi unene wa kupimika. Haizuii kutu peke yake, kazi yake kubwa ni kushika mafuta. Ndiyo maana ya kwako ilishika kutu Tanga, mafuta yalikuwa yanaondoka na jasho la mkono na chumvi inabaki.

Cerakote ni kitu kingine kabisa. Ni rangi ya kweli, plastiki iliyochanganywa na serami. Chuma kinapuliziwa mchanga wa alumini oksaidi ili kiwe na makwaruzo ya kushika, kinanyunyiziwa, halafu kinaingia oveni. Ile ya kawaida inaokwa nyuzi 121 kwa saa mbili. Ikifanywa sawasawa inazuia kutu kuliko weusi wowote, sina ubishi na hilo, na kwa mtu wa pwani naipendekeza. Lakini ina unene. Tabaka la kawaida ni kama mikroni 25, yaani sehemu moja ya arobaini ya milimita, na fundi mwenye mkono mzito anaweka mara mbili ya hapo bila kujua.

Mikroni 25 unaona si kitu. Tupige hesabu. Pete zako mbili zimeachana tuseme milimita 120. Pete moja ikipanda au ikienda pembeni mikroni 25 na nyingine ikabaki, darubini imegeuka kwa pembe ambayo kwenye mita 100 ni sentimita 2. Ikisogea sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi moja ya kawaida ya kuchapia, kwenye mita 100 ni sentimita 8. Viganja vyako viwili havihitaji hata karatasi mbili.

Na kwa nini isogee? Kwa sababu taya za pete haziumi chuma tena, zinauma rangi. Bunduki yako inarusha risasi ya gramu 19 na ushee kwa mwendo wa mita 770 kwa sekunde. Teke linarudisha bunduki nyuma ghafla, darubini inataka kubaki ilipokuwa, na kinachoiburuza ifuatane na bunduki kwa sehemu kubwa ni ule mbano wa taya. Kila risasi rangi iliyo chini ya taya inabonyea kidogo, mbano unapungua kidogo. Skrubu haijafunguka hata robo ya mzunguko, ukiigusa unaona imekaza, kumbe kilichokuwa kinasukumana nayo kimepungua unene. Ndiyo maana ya kwako inatambaa upande mmoja. Darubini iliyokufa ndani kwa kawaida haitambai hivyo, inatupa risasi huku na huku bila mpango.

Fanya hivi. Hakikisha bunduki haina risasi, toa bolti, fungua darubini na pete zote. Chukua tochi, angalia ubavu wa reli pale taya zilipouma. Ukiona rangi imepondeka, imekuwa na mstari unaong'aa au imemenyeka, jibu umelipata. Angalia na juu ya reli: CZ 550 ina kijishimo kilichokatwa kwa ajili ya kipini cha pete, kipini kile ndicho kinachozuia pete kutelezea mbele. Kama kijishimo kimejaa rangi, kipini hakishuki mpaka chini, pete inakaa imenyanyuka upande. Halafu pitisha skrubu moja moja kwa vidole kwenye matundu yake. Inatakiwa iteremke laini mpaka mwisho. Ikikwaruza kama kuna mchanga, rangi imeingia kwenye nyuzi.

Hili la nyuzi watu hawalielewi. Unapokaza skrubu, nguvu ya mkono wako inagawanyika: nyingi inaliwa na msuguano, kidogo ndiyo inayobaki kuvuta vipande viwili vikutane. Nyuzi zenye rangi zinakula karibu yote. Mkono unakwambia imekaza kweli, kipimo kinakwambia imekaza, kumbe pete haijabanwa.

Mimi bunduki ikija kupakwa rangi hapa kwangu, kabla ya kitu chochote naziba: ndani ya mtutu, chemba inayokaa risasi, njia ya bolti, masikio ya bolti (vile vinundu vinavyoifunga), triga, kila tundu la skrubu, na nyuso zote ambazo darubini itakalia. Rangi naiacha kwa chuma kinachoonana na hewa. Kazi ya kuziba inachukua muda mrefu kuliko kupaka, na mteja haioni, ndiyo maana wengine wanairuka.

Tazama hayo kwanza, uje uniambie ulichokuta.

BiMkubwa_Manyoni

Naunga mkono Fundi, na niongeze la upande wangu. Nimestaafu idara ya wanyamapori.

Kijana, kabla hujaangalia darubini angalia namba ya bunduki. Nimewahi kuona bunduki iliyopakwa rangi mpaka namba imejaa, huisomi bila kukwaruza. Ukikaguliwa na namba haisomeki utalala mahali pabaya, hata kama kitabu chako kiko safi. Waliopitia uhakiki wa silaha wa mwaka 2016 wanakumbuka maafisa walivyokuwa wanazitafuta namba kwa tochi. Namba na alama zote ziwe zinasomeka kwa macho tu. Kama hazisomeki, aliyepaka aisafishe yeye, usikwaruze mwenyewe kwa kisu, maana alama ya kisu kwenye namba ni kesi nyingine.

La pili. CZ hiyo ina vilengeo vyake vya chuma juu ya mtutu. Angalia na wewe umevilinganisha lini. Mbogo aliyejeruhiwa humfuati kwa mita 100, unamfuata kwa hatua ishirini, kumi, kwenye matete au kwenye kichaka cha miombo iliyochipua. Sheria yetu inakutaka uwe na .375 kwenda juu kwa wanyama hatari, lakini ukubwa wa risasi hauna maana kama huna cha kulengea. Pete zinazofunguka haraka kwa mkono, zikiwa nzuri, zinakuruhusu uvue darubini uikabidhi kwa msoma nyayo, uingie na chuma kitupu. Nimewaona wakubwa wengi wakifanya hivyo na ndio waliozeeka.

Kijana_Raskazone

Shikamoo Bi Mkubwa, shikamoo Fundi. Nimefungua leo mchana.

Fundi, umeona bila kuona. Ubavu wa kushoto wa reli rangi imepondeka chini ya taya zote mbili, pete ya mbele imeacha mkwaruzo mrefu kuelekea mdomo wa mtutu, kama kitu kilichoburutwa. Kijishimo cha juu kimejaa rangi nusu. Kipini kilikuwa kinagusa juu tu, hakijaingia. Skrubu mbili za vifuniko vya pete zinakwaruza. Ndani ya pete nako kumepakwa rangi.

Namba inasomeka, Bi Mkubwa, nashukuru. Vilengeo vya chuma nitavipiga wiki hii.

Sasa naiondoaje rangi bila kuharibu reli? Nimejaribu kitambaa na asetoni, haikugutuka. Halafu nikishaiondoa, si ndiyo kutu itaanzia hapohapo?

Fundi_Mindu

Asetoni haiwezi. Rangi hii ikishaokwa dawa nyingi za kawaida hazigusi, ndiyo sifa yake. Njia safi ni kuziba bunduki yote na kuacha nyuso zile tu, halafu kupulizia mchanga laini kwa presha ndogo. Kama aliyepaka ni muungwana, mrudishie, mwambie aondoe pale na pale, na hiyo ni kazi yake asikudai. Kama huwezi kurudi Dar, tafuta fundi mwenye leseni alete kijiti cha mti mgumu kilichonyooka, akizungushie msasa wa 400, apake mafuta kidogo, na asugue kwa urefu wa reli, kidogo kidogo, akisimama kila mara kuangalia. Chuma cheupe kikianza kuonekana sawia, basi. Asitumie tupa. Tupa inakata reli yenyewe, na reli ikishakatwa hakuna pete itakayokaa tena. Kijishimo kisafishwe kwa ncha ya mti, pembe zake zibaki kali, kipini kiingie mpaka chini.

Nyuzi zipitishwe tepu, kile chuma cha kukatia nyuzi, ya saizi yake, kwa vidole, bila kulazimisha. Asijaribu kwa skrubu ya chuma kigumu kusukuma rangi itoke.

Ndani ya pete: toa rangi yote. Hapo wengi hutumia fimbo ya kusugulia yenye unga wa kusagia, na ni sawa, ila mkono uwe mwepesi. Unatafuta sehemu kubwa ya pete iguse bomba la darubini, hutafuti kung'arisha yote. Ukizidisha, pete inakuwa pana na haibani.

Kuhusu kutu: nyuso hizo zikishabaki chuma kitupu, zipake dawa ya weusi wa baridi, ile yenye seleniamu. Peke yake ni dhaifu, sehemu ya wazi ningekukatalia, lakini hapa imefunikwa na pete na unene wake ni kama hakuna. Halafu mafuta mepesi tone moja, sugua, futa kwa kitambaa kikavu mpaka kitambaa kitoke safi. Kinachobaki kwenye vinyweleo vya chuma kinatosha. Usiache utelezi.

Kufunga sasa, na hapa usiharakishe.

Futa kila kitu kwa spiriti: reli, taya, ndani ya pete, bomba la darubini, skrubu na matundu yake. Kalisha sehemu za chini za pete kwenye reli, kipini kiingie kwenye kijishimo, halafu sukuma pete kuelekea mdomo wa mtutu mpaka kipini kiguse ukuta. Watu husukuma nyuma kwa kufikiri teke linakwenda nyuma. Teke linapeleka bunduki nyuma, darubini inabaki, kwa hiyo pete ndiyo inayotaka kwenda mbele. Ukiiacha na nafasi, risasi ya kwanza itaifikisha yenyewe na umeshapoteza ulinganifu wako.

Ukishasukuma, kaza taya kwa kipimo kilichoandikwa na aliyetengeneza pete. Usichukue kipimo cha mtu mwingine mwenye pete nyingine. Vifuniko vya juu ndiyo vyepesi: nyutoni-mita 1.7 mpaka 2, nyuzi zikiwa kavu. Hiyo ni ndogo kuliko unavyofikiri. Kama huna spana ya toki, ile inayopima mkazo, tia mkono mrefu wa ufunguo wa L kwenye skrubu na uzungushe kwa kushika mkono mfupi, vidole viwili tu. Kaza kwa msalaba, robo robo, nafasi kati ya kifuniko na pete iwe sawa kushoto na kulia. Nimeshapokea darubini zimebonyezwa kiunoni na mtu aliyetaka uhakika, na darubini iliyobonyezwa haizungushi vifundo vyake sawasawa tena.

Loctite ya bluu, ile inayofunguka kwa ufunguo wa kawaida, tone moja kwenye skrubu za taya, sipingi. Kwenye vifuniko mimi siweki. Kumbuka ikiwa mbichi inalainisha nyuzi kama mafuta, kwa kipimo kilekile skrubu itavuta zaidi, kwa hiyo punguza. Na ikae usiku kucha kabla hujapiga.

Kabla ya kukaza vifuniko moja kwa moja, vaa nguo zako za kazi, funga macho, pandisha bunduki begani, fungua macho. Picha iwe imejaa duara lote, darubini ikiwa kwenye ukuzaji wa juu kabisa, na kati ya jicho na kioo ziwe sentimita 9 au zaidi. .375 itakukata nyusi ukiisogeza.

Mwisho chukua rangi ya kucha, chora mstari mwembamba unaopita kutoka kwenye pete kuingia kwenye bomba la darubini, mwingine kutoka taya kuingia kwenye reli, na nukta kwenye kila kichwa cha skrubu. Kikisogea chochote utauona mstari umekatika bila kupiga hata risasi moja.

Mnyamwezi_Sikonge

Fundi asante, nimejifunza la kusukuma pete mbele. Swali moja: sisi wenye bunduki ambazo kitako cha darubini kimefungwa kwa skrubu juu ya mwili, si za reli kama CZ, ni yaleyale?

Na kwa kijana wa Tanga: sehemu ya chini, pale mtutu unapolala kwenye mti, hakuna rangi wala mafuta yanayodumu kama nta ya nyuki. Sisi huku nta si ya kutafuta. Nayeyusha kidogo taratibu, nachanganya na mafuta ya kitani, napaka upande wa ndani wa mti na chini ya mtutu, nasugua na kitambaa. Maji yanaingia pale wakati wa mvua, mti unayanyonya na kuyashika, chuma kinalala juu yake miezi. Hapo ndipo kutu inakula bila mtu kuona.

Fundi_Mindu

Ni yaleyale na zaidi, maana hapo una sehemu mbili za kulegea. Skrubu za kitako cha darubini kwenye bunduki nyingi za Marekani ni za aina ya 6-48, kipenyo chake milimita 3.5 tu. Kwa .375 mimi napendelea matundu yapanuliwe kuwa 8-40, milimita 4.2, na fundi anayejua. Angalia pia urefu: skrubu ya mbele ikiwa ndefu inagusa nyuzi za mtutu au masikio ya bolti. Utadhani imekaza kitako, kumbe imejikita chini. Chini ya kitako rangi isiwepo, kama nilivyosema.

Nta nakubaliana nayo moja kwa moja. Isiguse triga wala njia ya bolti.

Kijana_Raskazone

Wakubwa, nimerudi. Aliyepaka amekubali, ameondoa rangi kwenye reli, kijishimo na ndani ya pete mbele ya macho yangu, hakunidai. Nimefunga mwenyewe nikisoma maelezo ya Fundi kwenye simu mstari kwa mstari. Pete zilezile, darubini ileile. Nimepiga mpaka bega limechoka, kwa siku tofauti, risasi zinafunikwa na kiganja na zimebaki hapohapo. Mistari ya rangi ya kucha haijakatika. Msoma nyayo wangu alikuja uwanjani, akaangalia karatasi kimya, akaikunja akaondoka nayo.

Vilengeo vya chuma navyo vilikuwa vinapiga juu, Bi Mkubwa. Nimevirekebisha.

Lililobaki ni la nyumbani. Msimu ukiisha niihifadhi vipi Tanga?

Fundi_Mindu

Hongera, na mpe heshima yake huyo fundi, wengine wangekuzungusha.

Sanduku lako la safari lenye sponji ni la safari tu. Ukifika nyumbani itoe. Sponji inashika unyevu, na mfuko wa ngozi nao hivyohivyo, chuma kinaoza ndani yake hata kiwe na rangi ya serami, maana ndani ya mtutu, chemba na masikio ya bolti hakuna rangi. Chuma huanza kushika kutu kwa kasi hewa ikipita unyevu wa asilimia 60 hivi, na kwenu haishuki hapo mara nyingi. Kwa hiyo kausha hewa ya ndani ya kabati lako la silaha. Pakiti za silika jeli, zile zinazobadilika rangi zikishiba, unazipasha kwenye oveni ya moto mdogo zinarudi kazini. Kama kabati lina nafasi ya kupitisha waya, taa ndogo au kipasha joto kidogo cha kabati kinachowaka muda wote kinapandisha joto nyuzi chache na unyevu unashuka. Kiwe mbali na mti na kisiguse kitu.

Ndani ya mtutu mafuta mepesi, yapite yote kwa kitambaa. Iegemeze mdomo chini siku za mwanzo ili mafuta yasishukie kwenye kitako na triga. Akiishika mtu yeyote, futa alama za mikono kabla ya kuirudisha, jasho ni chumvi. Na usidanganyike na watu wa chuma cha pua, nacho kinashika madoa baharini.

Ukielekea Rungwa geuza utaratibu. Kule Agosti ni vumbi, mafuta mengi yanakuwa tope. Futa bolti ibaki kama kavu, mafuta kidogo tu kwenye masikio yake. Barabara ya Itigi itakutikisa siku nzima, kwa hiyo bunduki isilale sakafuni mwa gari, iwe kwenye sanduku lake juu ya magodoro au mapajani kwa mtu. Ukishuka kambini angalia mistari ya rangi ya kucha kwanza, halafu pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu, maana risasi ya kwanza kwenye mtutu wenye mafuta haiendi ziendako nyingine. Kisha piga shabaha kwa darubini na kwa chuma, kabla mgeni hajatua.